Wikiendi ya Wajaza Maganda

Katika nchi yetu ya Shwari hakuna mtu anayepigwa risasi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asipate wasiwasi wa bure huko mbele, maana risasi zitatajwa mara nyingi. Watu wetu hufa kwa uzee, kwa mapenzi ya Mungu, na kwa kujikwaa. Fomu ya vifo ina visanduku hivyo vitatu tu, na tangu niajiriwe Wizara ya Utulivu sijaona marehemu aliyekosa pa kuingia.

Mimi ni Kitwana Ndauka, karani daraja la tatu, na kwa uteuzi wa heshima ni Katibu wa Chama cha Wajaza Maganda kwa Burudani. Wakubwa wa nchi nyingine hucheza gofu. Wakubwa wetu hujaza maganda. Askari akifyatua risasi, ganda la shaba hudondoka chini. Wakubwa hulichukua, hulisafisha, hulitia fataki mpya ya kuwashia na baruti mpya, kisha hulivika kichwa cha risasi walichokiyeyusha na kukifinyanga wenyewe, likawa zima tena. Ni kazi ya utulivu. Inataka miwani, mkono usiotetemeka, na mtu wa kukuletea chai.

Risasi zilizojazwa hutolewa kwa Jeshi la Utulivu kama mchango wa kizalendo. Utaratibu ni ule wa soda za chupa: usipoleta tupu, hupewi iliyojaa. Ndiyo maana nchini kwetu, kila baada ya tukio, utawaona askari wameinama wanaokota, wengine wamepiga magoti kabisa wanapekua mitaroni. Hata watoto wanajua: askari wakishainama, unaweza kutoka uvunguni.

Na kila ganda lina ukurasa wake daftarini. Hapo ndipo penye fahari yetu. Jenerali mstaafu Makungu, Mwenyekiti wetu wa maisha, hawezi kuvumilia ganda lisilo na historia. Kila moja huchorwa nambari kitakoni, na askari anayelirudisha lazima aambatanishe kikaratasi: limetumika wapi, lini, umbali gani, mlengwa alikuwaje, matokeo yalikuwaje. Mimi hunakili yote kwa wino mweusi. Askari mwenye mwandiko mbaya hanyimwi chakula, lakini risasi hapati, kwa hiyo siku hizi Jeshi letu lina mwandiko mzuri kuliko walimu.

*

Mwezi wa nne Jenerali aliniita ofisini kwake.

"Katibu, Chama kimechoka," alisema. "Kila mtu anajaza peke yake nyumbani, mkewe anamfokea kwa harufu ya risasi inayoyeyuka. Nataka wikiendi. Ijumaa mpaka Jumapili. Mahali pa baridi, penye meza ndefu. Undugu, Katibu! Undugu ndio uliopotea nchi hii."

Wanaodhani kuandaa wikiendi ni kukodi basi wajaribu siku moja kuwapeleka mlimani wakubwa ishirini na watatu, kila mmoja na mashine yake ya kushindilia, na kila mmoja akiamini mwenzake anamwibia baruti. Nilipata ukumbi Chuo cha Kilimo cha Mlima Ngwena, kilichofungwa miaka minne iliyopita baada ya wanafunzi wake kujikwaa. Meza zilikuwapo, ndefu kama alivyotaka. Nilizifuta mwenyewe.

Kamati ya Usafiri ilikaa vikao vitatu kuamua nani akae karibu na baruti. Ikaamuliwa baruti ipewe kiti chake, cha mbele, chenye mkanda, na Naibu Waziri asimame. Kamati ya Usingizi iligawa magodoro kwa vyeo, ikaishiwa vyeo kabla ya magodoro, ikaniomba niteue vyeo vingine. Mhandisi Mbelwa, Mkurugenzi wa Maji wa taifa, ambaye hujaza vizuri kuliko wote, alijitolea kutuletea maji ya kuoga. Alileta magari tisa. Nilipomuuliza yametoka wapi, aliniambia yametoka bombani, kama maji yote.

Kulikuwa na jambo moja la kijiji. Chini ya mlima palipangwa harusi Jumamosi hiyohiyo, na mtu anayepima baruti hatakiwi kushtuliwa na kigelegele. Niliwaandikia barua ya heshima. Sikuwazuia kufurahi, mtu asije akasema niliwazuia. Niliwaomba wafurahi kwa kupunga mikono. Jumamosi asubuhi nilimwona bibi harusi akipita barabarani na watu kama mia mbili nyuma yake, wote wakipunga, hakuna aliyefungua mdomo. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kelele hazikuwapo.

*

Iliyonisumbua zaidi ni nafasi ya mpishi. Mpishi wa wakubwa lazima awe mtu asiye na kinyongo, na kinyongo hupimwa kwa fomu yenye maswali thelathini na mawili. Waombaji kumi na mmoja walianguka. Akabaki mmoja: Bi Tausi Kindamba, mama lishe wa Mferejini, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, asiyependa kuongea.

Afisa wa upekuzi alimsomea swali la kumi na nne mbele yangu. "Je, una ndugu yeyote aliyekufa kwa kupigwa risasi?"

Bi Tausi aliitazama fomu. "Baba, nijibu ninavyojua mimi, au inavyojua serikali?"

"Inavyojua serikali, mama. Fomu ni ya serikali."

"Basi sina."

Afisa alifurahi, akampa alama zote. Mimi nililisoma jalada lake baadaye. Tarehe tisa mwezi wa tatu watu wa Mferejini, waliokuwa na siku kumi na tisa bila maji, walikwenda na ndoo zao kwenye mabomba ya sokoni kuuliza. Walijikwaa watu kumi na wanne. Redio ilieleza kuwa ni kujikwaa kwa pamoja, kulikosababishwa na wingi wa ndoo. Mmoja wao alikuwa Shomari, fundi baiskeli, miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa Bi Tausi.

Sheria inasema maiti haitoki mochwari mpaka familia isaini Fomu ya Kujikwaa. Familia zote kumi na nne hazikusaini siku ya kwanza, wala ya pili. Bi Tausi ndiye aliyekataa kwa sauti. "Mwanangu hakujikwaa," alimwambia karani wa mochwari. "Andikeni alivyokufa, nitaweka dole gumba." Kila Jumatatu alikwenda, akakaa kwenye benchi, akarudi. Ilikuwa wiki ya sita sasa na kijana alikuwa bado kwenye jokofu. Wenzake wawili walishasainiwa na kuzikwa, maana umeme hukatika na watu wana pua.

Ningeweza kulionyesha jalada lile kwa afisa. Sikulionyesha. Nilijiambia ni kwa sababu muda umebana, na muda kweli ulikuwa umebana.

*

Ijumaa jioni, wageni wakiwa wanagombea magodoro, Bi Tausi alinikuta stoo nikihesabu vijiko.

"Katibu, samahani. Vile vikaratasi wanavyoandika askari wakiokota, huwa vinakwenda wapi?"

"Umeviona wapi, mama?"

"Mferejini. Nilikuwa nimelala chini nyuma ya meza yangu ya maandazi. Nikaona kijana wa jeshi anaokota ganda, anatoa kalamu mfukoni, anaandika juu ya paja lake. Anaandika taratibu, kama mtoto wa shule anayeogopa kuchapwa. Nikasema moyoni, kama kimeandikwa, kipo mahali."

Ningekuwa na akili ningekohoa nikatoka. Lakini ni mara chache mtu humuuliza karani kuhusu madaftari yake, na mimi nina udhaifu huo. Nilimweleza yote: nambari, safu tano, wino mweusi, kabati la chuma. Nilimweleza hata jinsi ninavyopiga mistari kwa rula ya mbao kwa sababu ya plastiki huteleza.

"Na yanasema kweli?" aliuliza.

Hapo nilikasirika. "Mama, redio inaweza kusema inachosema. Daftari la Chama halijawahi kuandikwa uongo hata mara moja. Jenerali angenifukuza. Mtu akidanganya historia ya ganda, siku moja litapasukia usoni mwa anayelijaza."

Alinishukuru. Akarudi jikoni, akaendelea kuchambua mchele.

*

Jumamosi ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Wakubwa walivaa aproni za kijani zenye nembo ya Chama, kila mmoja na mizani yake ndogo. Ulisikia tu vyuma vikigusana, na mara mojamoja mtu akisifu. "Angalia shingo ya hili, Mheshimiwa." "Lina miaka saba, Mhandisi, na bado linang'aa." Kwa chai na maandazi ya Bi Tausi walisimama dakika kumi. Mhandisi Mbelwa alikula sita.

Baada ya chakula cha mchana Jenerali alipanda jukwaani kutoa tuzo ya Ganda la Mwaka. Alikuwa na daftari langu mkononi.

"Ndugu wajazaji," alianza. "Wapo wanaosema sisi ni watu wa vita. Mimi nawauliza, nani katika nchi hii anaokota kilichotupwa? Nani anarudisha uhai pale ambapo wengine wameona ganda tupu? Nchi hii ina watu wanaotumia kitu mara moja wakatupa. Sisi hatutupi! Ganda nambari mia tatu kumi na moja limejazwa mara kumi na moja, na halijamwangusha askari hata mara moja. Kumi na moja, ndugu zangu! Wapo mawaziri ambao hawajafikisha mbili."

Wakacheka, mawaziri wakacheka zaidi. Jenerali akavaa miwani, akaanza kusoma wasifu wa ganda, safu moja baada ya nyingine, kama anavyosomwa mtu anayepewa nishani. Mara ya kwanza, mgomo wa bandari kavu. Mara ya pili, mazoezi, ng'ombe wa mtu. Mara ya nane, ilipofika, ukumbi ukapiga makofi kwa sababu ilikuwa Mlima Ngwena, uwanja uleule tulipoegesha basi.

Bi Tausi alikuwa anakusanya sahani upande wa dirishani.

"Mara ya kumi na moja," Jenerali akasoma. "Tarehe tisa mwezi wa tatu. Sokoni Mferejini, mbele ya bomba la pili. Umbali, hatua arobaini. Mlengwa, kijana, ovaroli ya bluu, ndoo ya njano, anakimbia kuelekea uchochoroni. Kiraka chekundu mgongoni kimesaidia kulenga. Matokeo, mazuri."

Makofi. Mhandisi Mbelwa alisimama, maana mara ile ya kumi na moja ilikuwa imejazwa kwa mkono wake, na Jenerali akamtaja. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Sahani hazikuanguka. Nimesoma hadithi ambazo hapo sahani huanguka, lakini Bi Tausi aliziweka mezani moja juu ya nyingine, akajifuta mikono kwa kanga, akatembea katikati ya ukumbi mpaka chini ya jukwaa. Nilitaka kumkimbilia nimzuie, nikachelewa.

"Mheshimiwa Jenerali," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Chakula kilikuwa kizuri."

"Naomba nakala ya hiyo uliyosoma."

Jenerali alivua miwani. Nilijua mwisho wangu umefika, nikaanza kufikiria nani atawapeleka watoto shule. Kumbe yule mzee machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mmesikia?" aliwageukia wenzake. "Miaka minane mimi ni Mwenyekiti. Miaka minane! Hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kuomba kuona madaftari yetu. Tunasemwa vibaya, tunaitwa majina, na huyu mama, mpishi, mtu wa chini kabisa, ameelewa. Katibu! Mpe nakala. Kwenye karatasi yenye nembo. Nitaisaini, nipige mhuri mkubwa."

Huo ndio ulevi wa wajaza maganda, na sidhani watu wengine duniani wangefanya kosa lile. Hakuna hata mmoja kati ya wale ishirini na watatu aliyeona hatari. Walichoona ni kwamba ukurasa wao umependwa.

Nilikaa mezani nikaandika. Bi Tausi alisimama nyuma ya bega langu. Nilipofika kwenye kiraka, niliinua kalamu.

"Mama," nilinong'ona, "hili naweza kuliacha."

"Andika," alisema. "Kiraka nilikishona mimi. Nilitumia kitambaa cha sketi yangu, cha bluu sikuwa nacho."

Niliandika. Aibu niliyoisikia ilikuwa masikioni, moto kabisa, na mwandiko wangu haukutetemeka. Sijui nijisifu au nijilaani kwa hilo. Jenerali akasaini, akapiga mhuri, akampa mkono, na mpiga picha akapiga picha.

*

Jumatatu Bi Tausi aliuweka ule ukurasa juu ya meza ya Ndugu Pazi, karani wa mochwari. Pazi aliusoma mara tatu. Visanduku ni vitatu, risasi haimo. Lakini mhuri wa Jenerali upo, na katika Shwari hakuna karani aliyewahi kukataa mhuri ule akabaki karani. Alipandisha suala ngazi ya juu, nayo ikalipandisha, mpaka likafika mahali ambapo hakuna ngazi.

Jumanne jioni redio ikatoa ufafanuzi. "Serikali inasisitiza kwamba tarehe tisa mwezi wa tatu haikufyatua risasi yoyote. Risasi inayotajwa mitaani ni ya burudani, na imejazwa na watu binafsi katika muda wao wa mapumziko." Msemaji aliwashukuru wananchi kwa kuendelea kuwa watulivu, akatangaza kuwa fomu ya vifo itaongezwa kisanduku cha nne, kitakachoitwa Michezo na Burudani.

Jumatano asubuhi nilikuta watu mlangoni pa ofisi ya Chama. Baba mmoja, akina mama kadhaa, bibi mmoja aliyebebwa kwenye baiskeli. Zile familia nyingine, pamoja na wale wawili waliokwisha kuzika. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi chenye jina na rangi ya nguo.

"Tunaomba nakala," alisema yule baba. "Tumeambiwa zinatolewa."

Niliingia ndani kufungua kabati la chuma. Lilikuwa tupu, limefagiliwa. Jenerali hakuwa mjinga, alichelewa tu. Juu ya kabati paliachwa barua: madaftari yote yamepelekwa kupigwa dawa ya mchwa, muda wa dawa haujulikani. Nilitoka nikawasomea barua ile. Bibi wa baiskeli aliniuliza mchwa hula wino au karatasi. Nikamwambia sijui. Walikaa mpaka saa nane, kisha wakaondoka mmojammoja, na kumi na mmoja wao bado wana mtu kwenye jokofu ninapoandika haya.

Ukurasa uliobaki nchini ni mmoja, na alikuwa nao Bi Tausi.

*

Alhamisi mochwari ikaamua kumtoa Shomari. Cheti kiliandikwa Michezo na Burudani, na chini yake, kwa kuwa mama hakukubali kuweka dole bila hivyo, Pazi aliandika kwa kalamu: risasi, mgongoni. Ni cheti cha kwanza cha aina hiyo tangu tupate uhuru wetu. Bi Tausi alikisoma taratibu, akaweka dole gumba.

Ila kulikuwa na sharti. Ukurasa wenye mhuri ulithibitisha kwamba risasi iliyomo mwilini ni mali ya Chama. Pazi alikuwa amempigia Jenerali simu kumweleza, akidhani atafokewa. Jenerali alishangilia mpaka ikabidi Pazi aiweke simu mbali na sikio. Miaka yote wamekuwa wakipata maganda, vichwa vinapotea ndani ya watu. Kwa mara ya kwanza ganda na kichwa chake vitakutana. Nilitumwa na barua: nikichukue, nikifikishe kabla ya saa kumi.

Daktari alikitoa, akakiosha, akakitia katika kichupa cha dawa ya kikohozi. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Nilisaini. Nje palikuwa na pikapu, jeneza, na majirani wa Mferejini wamesimama. Bi Tausi alinyoosha mkono, nikampa kichupa. Sikuweza kufanya vingine.

Alikiinua kwenye mwanga. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mnaipeleka wapi?"

"Kwa Jenerali. Itayeyushwa."

"Halafu?"

Nimejibu maswali ya wakaguzi, ya mawaziri, na ya Jenerali mwenyewe akiwa na hasira. Hilo nalo nililijibu. "Itafinyangwa upya, mama. Halafu itajazwa."

Majirani walikuwa wanatutazama. Nilingoja anitupie usoni, na nadhani ningefurahi angefanya hivyo. Aliendelea kukigeuzageuza kile kichupa, na kile kipande kikawa kinagonga kioo.

"Una watoto, Katibu?"

"Wawili."

"Wanachota maji wapi?"

Alinirudishia kichupa, akapanda nyuma ya pikapu karibu na mwanawe, wakaondoka. Karani daraja la tatu hana bomba nyumbani. Wanangu wanachota palepale Mferejini, na Alhamisi ni zamu ya mdogo. Saa tisa na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Jenerali, nikamkabidhi, akanipa risiti.